Gunia la Viazi Ni Kilo Ngapi?

Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1913, alifundisha kwamba baina ya neno na kitu hakuna ukoo wa damu; kuna mapatano ya jamii tu. Mbuzi angepewa jina jingine, na bado angekula majani yale yale. Somo hili nimelifundisha kwa miaka mingi, na sijapata mfano unaodhihirisha hatari ya kuvunjika kwa mapatano hayo kuliko neno moja linalotamkwa kila alfajiri katika mashamba ya Kinangop, Molo, Kibirichia na Bomet. Neno lenyewe ni gunia.

Viazi, ambavyo Wakenya wengi siku hizi huviita waru hata kama hawajui neno jingine la Kikuyu, ni zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Hustawi katika nyanda za juu zenye baridi, na aghalabu hulimwa na watu wenye vishamba vya eka moja au mbili. Waingereza ndio waliovileta huku mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo sababu vikaitwa viazi ulaya, ingawa asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na Ulaya ilikuwa kituo cha njiani tu. Ndugu zetu wa pwani, wapishi hodari wa viazi karai, wana jina lao, mbatata, walilolipokea kutoka kwa Wareno. Majina basi yapo tele. Kinachokosekana ni kipimo.

Wazee wetu walipimiana nafaka kwa kibaba na pishi. Baadaye likaja debe, lile bati la mafuta ya taa. Vyombo hivi vilikuwa na fadhila moja: vilikuwa na ukingo. Muuzaji aliweza kuongeza kilele kidogo juu kwa hisani, lakini bati halikurefuka. Gunia la viazi halina ukingo. Likishajaa, hushonewa wavu juu ya mdomo wake, viazi vikazidi kupangwa mpaka kinatokea kichuguu kizima. Wakulima hulitania gunia hilo kwa kuliita mukurino, kwa jinsi linavyofanana na kilemba cha waumini wa Akorino. Uzito wake hupita kilo 150 bila taabu, na bado jina lake ni gunia moja.

Mtu atauliza, mnunuzi anafaidika nini, na bei si wamekubaliana? Anafaidika kila hatua. Ushuru wa mazao hutozwa kwa gunia. Wapagazi hulipwa kwa gunia. Nauli ya lori, mara nyingi, ni kwa gunia. Mwenye magunia machache manene hulipa kidogo kuliko mwenye magunia mengi ya halali, ilhali viazi ni vile vile. Lakini faida kubwa imo katika lugha yenyewe. Tuseme mwaka jana mkulima aliuza gunia la kilo 100 kwa shilingi 3,000. Mwaka huu dalali anamwambia kwa bashasha kwamba bei imepanda, gunia sasa ni shilingi 3,200, ila gunia lenyewe lina kilo 160. Mkulima amesikia bei ikipanda. Kumbe kilo imeshuka kutoka shilingi 30 hadi 20.

Si kwamba serikali haijanena. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba gunia la viazi liwe kilo 110. Ikaja Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, kisha kanuni za viazi za mwaka 2019 zilizoweka kikomo cha kilo 50. Kanuni ni nzuri, na sina ugomvi na walioziandika. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba maana ya neno hubadilika kwa kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Maana hubadilishwa na mwenye nguvu katika mazungumzo, na shambani mwenye nguvu ni mwenye lori. Kaunti moja ikikaza kamba, lori huenda kaunti jirani.

Wapo wanaomlaumu mkulima: kwa nini asikatae? Waulize walimu wanaotoka Nyandarua. Aina inayolimwa zaidi ni Shangi. Hukomaa upesi, huiva upesi jikoni na wateja huipenda. Lakini pia huchipuka upesi mno baada ya kuvunwa. Mkulima hana ghala la baridi, mvua imeharibu barabara, na karo inadaiwa. Akisema ngoja, viazi vyenyewe havingoji. Zaidi ya hayo, jirani yake atauza. Ndipo aina zinazokaa ghalani kwa muda mrefu zinapokuwa na thamani kuliko hotuba nyingi. Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena ya ng'ambo ilichelewa, watu walihoji kwa hasira kwa nini viazi vyetu havinunuliwi. Swali lilikuwa la haki. Mimi niliongeza la pili kimoyomoyo: vikinunuliwa, vitapimwa kwa nini?

Katika darasa langu la semantiki huwauliza wanafunzi gunia ni kilo ngapi. Wa Mumias hujibu 90, akifikiria mahindi. Wa Kilifi husema inategemea. Wa Kinangop hucheka kwanza. Walimu wa hisabati nao wanatunga maswali ya magunia 25 ya viazi kwa bei kadhaa, kana kwamba magunia hayo ni mapacha. Ningeomba siku moja watoto wapelekwe sokoni na mizani. Wakifika Marikiti, jijini Nairobi, wasikomee penye magunia. Wasogee hadi kwa wachuuzi, ambako viazi hivyo hivyo huuzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili, kisha waugeuze mkebe huo waone kitako chake kilivyobonyezwa ndani.