Una elfu kumi za kuanzia? Riba kubwa isikupeleke mbio

Siku hizi wateja wengi hawatuulizi tu kuhusu kutuma pesa. Wanauliza: "Nina elfu kumi tu, MMF gani inalipa vizuri?" Swali ni zuri, ila tungependa kuligeuza kidogo. Mwenye akiba ndogo hafaidiki sana kwa kukimbiza riba, na tuone hesabu yenyewe.

Tuseme mfuko mmoja unalipa asilimia 10 kwa mwaka na mwingine asilimia 12. Elfu kumi yako italeta Sh1,000 kwa ule wa kwanza na Sh1,200 kwa wa pili. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 kwenye hiyo riba kabla haijakufikia, kwa hivyo unabaki na Sh850 ama Sh1,020. Tofauti ni Sh170 kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi 12 upate bob 14 na senti kidogo. Hiyo ni nauli ya kufika wapi?

Sasa chukua dada anayeuza mitumba Gikomba na anaweka Sh500 kila Jumamosi. Mwaka ukiisha ana Sh26,000 zake mwenyewe, na kwa mfuko wa asilimia 10, riba baada ya kodi ni kama Sh1,100 hivi. Kilichomsaidia zaidi ni zile mia tano za kila wiki. Riba ni nyongeza tu.

Kwa hivyo swali letu kwako ni hili: pesa yako itakopeshwa nani? MMF, yaani mfuko wa soko la fedha, hukusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi. Nyingi huenda kwa hati za serikali za siku 91, 182 ama 364, na kwa amana za benki. Mifuko mingine hukopesha pia kampuni za kibinafsi, kwa sababu kampuni hulipa riba ya juu. Mwaka wa 2018, mfuko mmoja hapa Kenya ulilazimika kuwazuia wateja kutoa pesa kwa sababu sehemu ya pesa hizo ilikuwa imekopeshwa Nakumatt, na Nakumatt ilikuwa imeshazama. Haukuwa mfuko wa matapeli. Ulikuwa na leseni kama mingine.

Ndiyo maana tunasema omba taarifa ya mwezi ya mfuko kabla ya kutuma hata shilingi. Iko kwenye tovuti yao, ama watakutumia ukiwaandikia. Angalia ni kiasi gani kiko kwa serikali, kiasi gani kiko benki, na kama kuna kampuni, ni zipi. Wakikuzungusha, hilo nalo ni jibu.

Jambo lingine ambalo matangazo huliruka: benki ikifungwa, bima ya amana hulipa mwenye akaunti hadi Sh500,000. MMF haina bima hiyo. Kinga yako ni kwamba pesa haikai mkononi mwa meneja wa mfuko: inatunzwa na benki nyingine, na kuna mdhamini wa kumwangalia. Mpangilio huo ni wa mifuko iliyosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, maarufu kama CMA. Orodha iko kwenye tovuti ya CMA, na kuitafuta ni dakika mbili. Wakati wa kulipa, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN liwe la mfuko wenyewe. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo, hata kama ni "ajenti" uliyeletewa na rafiki wa chama.

Riba nayo hupanda na kushuka. Katikati ya 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu asilimia 8, na MMF zikashuka nazo. Ukikutana leo na tangazo linaloahidi riba iliyo juu sana ya wenzake, soma vizuri: huenda ni mfuko maalum, unaoingia kwenye hisa ama fedha za kigeni, na huo unaweza kupoteza hata mtaji.

Karo ya wiki ijayo na stoki ya kesho ziache kwa simu ama benki, maana kutoa pesa MMF kunaweza kuchukua siku moja hadi tatu za kazi. Zile zingine, usizipeleke zote mara moja. Weka kiwango cha chini wanachokubali, ngoja wiki mbili, kisha omba kutoa kiasi fulani uone inachukua muda gani kufika kwa simu yako.