Kaliba Ipi kwa Yadi 1,000?

Septemba 1874, kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor huko Long Island, New York, Kanali John Bodine alilala kifudifudi na kitambaa chenye damu mkononi. Chupa ya kinywaji cha tangawizi ilikuwa imempasukia kiganjani muda mfupi kabla. Wamarekani walikuwa nyuma ya Waairishi kwa pointi moja, na risasi iliyobaki ilikuwa moja tu, yake yeye, ya yadi 1,000, yaani mita 914. Akaipiga katikati. Wamarekani 934, Waairishi 931.

Siku hiyo Waairishi walitumia magobore bora ya fundi John Rigby, yanayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps za kujazwa kwa nyuma. Watu walitarajia silaha iamue. Lakini Mwairishi mmoja alipiga katikati kabisa, ila katikati ya shabaha ya jirani, akapewa sifuri. Pointi nne zilizokwenda na kosa lile zingetosha kubadili mshindi.

Jina la uwanja ule sasa limechapwa kwenye makalio ya maganda ya risasi: 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007. Nayo ni miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa pale mtu anapotaka kuundiwa bunduki ya shabaha ya masafa marefu na kuuliza achukue kaliba gani. Wengi, kwa maoni yangu, huanzia mwisho. Hukimbilia majedwali ya kasi na nguvu kabla hawajajua watashindana wapi.

Kanuni za shindano huchagua kabla yako. Pale Bisley, kusini mwa Uingereza, huamuliwa kila Julai tuzo ya mfalme iliyoanzishwa mwaka 1860 enzi za Malkia Victoria. Fainali yake hupigwa kwa yadi 900 na 1,000, bila darubini juu ya bunduki, na risasi ni 7.62 ya NATO, ambayo raia huijua kwa jina la .308 Winchester. Kabla yake ilikuwa .303, ileile waliyoibeba wazee wetu wa KAR (King's African Rifles). Kwenye mashindano ya F-Class, ambako darubini inaruhusiwa, daraja la F-TR linakubali .308 na .223 peke yake, na bunduki nzima isizidi kilo 8.25. Ukifika hapo na 6.5 Creedmoor yako mpya utahamishiwa daraja la wazi, ambako kaliba yoyote isiyozidi milimita 8 inaruhusiwa. Utajikuta umelala kando ya watu wenye risasi nzito za milimita 7, na fedha zako zimeshakwenda kwa fundi.

Ukishajua daraja lako, ndipo uzungumzie upepo. Mvutano wa ardhi haumsumbui mlenga shabaha mzoefu. Risasi ya .308 huanguka zaidi ya mita 8 kabla ya kufika yadi 1,000, lakini kila siku huanguka karibu vilevile, nawe unazungusha kirungu cha darubini na kuifidia. Upepo ndio haukai. Kichwa cha risasi kirefu na chembamba hukata hewa kama ngalawa nyembamba inavyokata maji, na hapo ndipo kaliba za 6.5 na 7 zinapoishinda .308. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma .308 zaidi ya mita 2 kwa umbali huo, 6.5 Creedmoor kama mita 1.8, na 7 iliyo nzito kama mita 1.5.

Kwenye karatasi hiyo ni tofauti kubwa. Sasa ipeleke uwanjani. Duara la pointi 10 katika F-Class ya Marekani lina upana wa sentimita 25 kwa yadi 1,000. Ukikosea kuukadiria upepo huo kwa robo tu, .308 itakwenda nusu mita pembeni, na ile ya 7 sentimita 37 hivi. Zote mbili zimetoka nje ya duara. Kaliba hupunguza adhabu ya kosa, haikufundishi kutazama bendera wala kusoma mazigazi yanavyotiririka mbele ya darubini. Hilo hujifunzwa kwa kupiga risasi nyingi, na risasi nyingi hula mtutu.

Moto wa baruti huchoma koo la mtutu, na kadiri unavyosukuma baruti nyingi kupitia tundu dogo, ndivyo koo linavyoisha upesi. Mtutu wa .308 hudumu na usahihi wake risasi 3,000, pengine hata 5,000. Wa 6.5 Creedmoor hufika 2,000 na zaidi. Ile 6.5-284 inayosifiwa kwa kukaidi upepo huchoka kwenye risasi kama 1,000. Anayepiga risasi 50 kila wiki ataimaliza hiyo kabla ya miezi sita, huku .308 ikivuka mwaka bila taabu. Sijataja bega: risasi 60 za .300 Winchester Magnum kwa siku, umelala chini, zitakufanya ufumbe macho kabla hujavuta kifyatulio.

Kwa msomaji wa Nairobi au Arusha kuna mawili zaidi. Kibali cha serikali hutangulia fundi, tena uhakikishe risasi za kaliba unayoitaka zinapatikana kihalali ulipo. Pia hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Bisley au Mombasa, hivyo risasi ileile huanguka zaidi kule pwani. Hesabu za jedwali la mtu wa Bisley usizichukue zilivyo.

Kama hii ni bunduki yako ya kwanza ya masafa marefu, uundiwe .308, yenye mtutu mrefu na vichwa vya grein 155, yaani gramu 10 hivi. Daraja lako likiwa la wazi na mfuko wako ukiwa wa kawaida, chukua 6.5 Creedmoor. Hizo za milimita 7 ziache mpaka umalize mtutu wako wa kwanza ukisoma upepo.