Kifaa Kinachosubiri Kuulizwa

Tarehe 4 Agosti 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, kikundi cha watoto wa Kisovyeti kilimpelekea balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi. Ilikuwa nembo ya taifa lake, imechongwa kwa mbao, na katikati yake tai amekunjua mabawa. Balozi Averell Harriman akaipokea kwa bashasha. Ikatundikwa ukutani kwenye makazi yake, na hapo ikakaa miaka saba. Harriman akaondoka, akaja balozi mwingine, naye akaondoka. Nembo ipo tu, na siri za dola zinazungumzwa mbele yake.

Wanangu, tai yule alikuwa anasikia.

Ndani ya ubao kulifichwa kikopo cha shaba chenye utando mwembamba sana upande mmoja, pamoja na antena ya kijiti. Basi. Betri haimo, waya haumo, swichi haimo. Fundi aliyezoea kutafuta nyaya na umeme hakuwa na cha kukuta. Lakini Wasovyeti walipokuwa nje ya jengo wakielekeza mawimbi ya redio kwenye ukuta ule, kikopo kilizinduka. Sauti za watu chumbani zilitikisa utando, na mawimbi yaliyorudi nje yakaubeba mtikiso huo hadi kwa wasikilizaji. Mawimbi yakikatwa, nembo inarudi kuwa ubao mtupu. Wamarekani walikuja kuigundua mwaka 1952. Aliyekibuni kikopo ni Lev Termen, yule yule aliyebuni ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, na kazi hii aliifanya akiwa mfungwa ndani ya maabara ya serikali.

Habari za majasusi ni tamu, najua, na ningeweza kuendelea nazo mpaka usiku. Ila nimeanzia hapo kwa sababu ujanja ule ule leo umo vifuani mwa watu, unapima mioyo yao.

Mtaniuliza: kwani betri ina ubaya gani? Sikilizeni kisa cha Arne Larsson, wa Stockholm nchini Uswidi. Mwaka 1958 alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku, maana moyo wake ulikuwa ukisimamasimama. Mkewe, Else-Marie, akawaganda daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kumtengenezea kifaa cha kuushtua moyo, kitakachokaa ndani ya mwili. Hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa amewekewa kitu kama hicho. Elmqvist alikusanya vipuri, akavipanga ndani ya kopo la dawa ya viatu, akavimwagia gundi inayoganda ikawa ngumu. Tarehe 8 Oktoba kifaa kikapandikizwa. Kikafa baada ya saa chache! Wakaweka cha akiba. Larsson aliishi mpaka mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86, lakini katika safari hiyo alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Betri za siku hizi zinadumu miaka mingi, hilo tuliseme kwa haki. Hata hivyo betri inachukua nafasi, ina kemikali ndani, na siku ikiisha lazima mtu apasuliwe. Kifaa cha kuushtua moyo hakina namna, kinaihitaji, kwa kuwa kazi yake ni ya kila dakika, mchana na usiku. Kihisi ni jambo jingine. Kihisi kazi yake ni kujibu kinapoulizwa: presha ni kiasi gani? joto ni kiasi gani? Kama ni kujibu tu, kwa nini kibebe nguvu zake chenyewe? Anayeuliza na aje nazo.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, na hapa nitatembea polepole.

Kama mmewahi kukaa karibu na wapigaji wa taarabu wakati wa mapumziko, huenda mmeliona hili. Udi umeegemezwa ukutani, hakuna anayeugusa. Mtu anajaribu noti moja kwenye ganuni, na uzi mmoja wa udi unaanza kutetema wenyewe. Uzi mmoja tu, ule uliokazwa kwa noti hiyo hiyo, zilizobaki kimya. Nguvu ya kutetema haikutoka kwenye udi. Imesafiri hewani kutoka kwenye ganuni.

Kihisi kina vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Cha pili ni kapasita, vibamba viwili vinavyotazamana na kuachiana nafasi finyu. Ukiviunganisha, umeme unaweza kwenda na kurudi kati yao kwa mwendo wao maalumu, mara makumi ya mamilioni kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo noti yao, ingawa hakuna sikio litakaloisikia. Ukileta karibu antena inayorusha mawimbi ya noti hiyo hiyo, koili inapata umeme bila kuguswa na waya wowote. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mjini London mwaka 1831: sumaku inayobadilikabadilika huzaa umeme kwenye waya ulio jirani. Kisha antena inanyamaza. Kihisi kinaendelea kutetema kwa kitambo kifupi mno, na ndani ya kitambo hicho antena ile ile inageuka msikilizaji.

Bado hatujapima chochote, sivyo? Siri imo kwenye kapasita. Kibamba kimoja kimetengenezwa chembamba ili kipindike. Damu ikikikandamiza kwa nguvu zaidi, vibamba vinakaribiana na noti inashuka. Damu ikilegeza, vinaachana na noti inapanda. Msikilizaji anatafuta tu ni noti ipi imejibu, halafu anaigeuza kuwa namba ya presha. Kihisi chenyewe hakijui hesabu, hakina kompyuta wala kumbukumbu. Mimi hicho ndicho kinachonivutia kuliko vyote: kitu kijinga kabisa, na bado jibu lake ni sahihi.

Mark Allen, wakati huo profesa wa Georgia Tech mjini Atlanta, alikuwa akitengeneza vihisi vya aina hii kwa ajili ya injini za ndege. Ndani ya injini kuna joto la kuyeyusha waya na kuua betri, kwa hiyo kifaa kisichohitaji vyote viwili kilikuwa na maana. Akakutana na daktari wa moyo, Jay Yadav, na mwaka 2001 wakaanzisha kampuni iliyoitwa CardioMEMS. Mwili wa binadamu hauna joto la injini, lakini una ukorofi wake. Ni maji ya chumvi, yanameza mawimbi ya redio, na kila kigeni kinachoingia kinazingirwa.

Kihisi walichokitengeneza kina urefu wa milimita 15, kimefunikwa kwa kioo kigumu na silikoni, na kila upande kina kitanzi cha waya wa kukishikilia. Daktari anakiingiza kupitia mshipa wa kinena kwa mrija mwembamba, anaupitisha moyoni, anakiacha kwenye ateri inayopeleka damu mapafuni. Kifua hakifunguliwi.

Kwa nini huko? Moyo uliodhoofika unashindwa kusukuma damu yote inayoufikia. Damu inarudi nyuma na kusongamana kuelekea mapafuni. Baadaye miguu inavimba, mgonjwa hawezi kulala chali, pumzi inakata, anakimbizwa hospitali usiku. Ila kabla ya hayo yote, kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa, presha kwenye ateri ya mapafu imekuwa ikipanda kimyakimya. (Hii siyo presha anayopimwa bibi mkononi. Hiyo ni ya upande mwingine wa moyo, na inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku hii ikipanda.) Daktari akiijua mapema, anaongeza kidogo dawa ya kupunguza maji mwilini, na ule usiku wa kukimbizwa haufiki.

Mgonjwa akiwa nyumbani analala juu ya mto wenye antena ndani yake, anabonyeza kitufe, anatulia. Sekunde 18 zinatosha. Matokeo yanasafiri hadi kwa daktari.

Je, kweli inasaidia? Walijaribu kwa watu 550 huko Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Utaratibu wa jaribio lenyewe unafaa kusimuliwa. Wote 550 waliwekewa kihisi. Wote walilala juu ya mto kila siku. Lakini kwa karibu nusu yao, madaktari hawakuonyeshwa namba, na wagonjwa hawakuambiwa wako kundi lipi. Baada ya miezi 6, kundi ambalo namba zake zilionwa lilikuwa limelazwa kwa ajili ya moyo pungufu kwa asilimia 28. Hata hivyo washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walisita, kwa sababu wauguzi wa kampuni walikuwa wamewapa baadhi ya madaktari ushauri wa matibabu. Je, kilichosaidia ni kihisi au ni wauguzi? Naliona ni swali la haki kabisa. Kibali kilitoka mwaka 2014, baada ya uchambuzi zaidi.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo watu wengi hulipita. Kapasita imezibwa kabisa, hewa ya nje haiingii ndani yake, kwa hiyo kibamba kinasukumwa na damu pamoja na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Chukueni mgonjwa mwenye kihisi hiki anayepanda treni Mombasa, usawa wa bahari, akashuka Nairobi, yapata mita 1,700 juu. Njiani hewa imepungua uzito kwa zaidi ya milimita 100 za zebaki. Presha ya ateri ya mapafu kwa mtu mzima mwenye afya, kwa wastani, ni kama 15 tu! Bila kurekebisha, daktari angesoma upuuzi. Ndiyo maana mtambo wa nyumbani una kipima hewa chake, na kila mara unatoa uzito wa hewa ya mahali hapo kabla ya kutuma jibu.

Udhaifu upo. Kihisi hiki hakiwezi kupiga kelele. Mgonjwa asipolala juu ya mto, hakuna kipimo, hata kama presha imepanda vipi. Mawimbi hayafiki mbali mwilini, hivyo mwenye kifua kinene sana huenda asisomeke vizuri. Na kinahitaji daktari au muuguzi upande wa pili anayeziangalia namba hizo na kuchukua hatua. Bila huyo, mto ni mto.

Wengine wanataka kwenda kudogo zaidi, na huko redio inaanza kushindwa. Koili ikiwa ndogo mno inakamata nguvu kidogo mno. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Michel Maharbiz na Jose Carmena, walionyesha njia nyingine: sauti. Walitumia sauti kali isiyosikika, ile ile inayotumika kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Kifaa chao, chenye urefu wa milimita 3, kina fuwele inayogeuza mtikiso wa sauti kuwa umeme. Walikiweka kwenye neva ya panya. Sauti ilipotumwa, ilirudi ikiwa imebadilishwa kidogo na umeme wa neva, na kutokana na mabadiliko hayo wakasoma neva ilikuwa inasema nini.

Sauti inapita vizuri kwenye nyama na maji kuliko redio, na mawimbi yake mwilini ni mafupi, yanakitosha kifaa kidogo. Hewa ndiyo adui. Ukiacha hata nafasi finyu kati ya chombo na ngozi, karibu sauti yote inagonga hapo na kurudi. Kwa hiyo huwezi kuuliza kutoka mbali, na mto hautafaa. Kwanza lazima ngozi ipakwe jeli.