Mkristo Uarabuni: Kanisa lipo, lakini utapata ruhusa ya kwenda?

Ijumaa asubuhi, metro ya Dubai ikisimama kituo cha Oud Metha, si wote wanaoshuka wanawahi kazini. Kuna akina dada wa Kifilipino waliopendeza, familia za Kihindi na watoto wao, na Waafrika wawili watatu wenye Biblia kwenye mkoba. Wanaelekea upande mmoja, kwenye Kanisa Katoliki la St. Mary's.

Mgeni aliyetoka Mwanza au Kisumu lazima ashangae kidogo. Kanisani Ijumaa? Tena Uarabuni?

Ndiyo, na wala si jambo jipya. St. Mary's ilifunguliwa mwaka 1967 kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala wa Dubai wa wakati huo, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum. Jirani yake kuna Holy Trinity, kanisa la Kianglikana ambalo madhehebu mengine mengi huazima kumbi zake kwa zamu. Anayeishi upande wa Jebel Ali ana parokia ya St. Francis of Assisi, iliyofunguliwa 2001.

Kwa hiyo ile hofu ya wengi kabla ya safari, kwamba ukipanda ndege ya Ghuba basi imani unaiacha uwanja wa ndege, haina msingi kwa nchi nyingi za huko. Swali gumu ni jingine, na tutalifikia.

Kwa nini Ijumaa?

Kwa sababu ndiyo siku watu hawaendi kazini. Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu ya Dar es Salaam. Makanisa yakaamua kuwafuata waumini kwenye siku waliyo huru. Ndiyo maana Mkristo wa Doha anasali sana siku ile ile ambayo jina lake, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, linamaanisha kusanyiko la Waislamu.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulibadilisha utaratibu Januari 2022. Serikali ilihamishia wikiendi Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku kwa watumishi wake. Lakini wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi na wa majumbani hawafuati kalenda hiyo, hivyo ibada za Ijumaa hazikufa. Kabla ya kutoka nyumbani, angalia ratiba kwenye tovuti ya parokia yenyewe. Ukienda kwa mazoea ya nyumbani unaweza kukuta umechelewa kwa siku mbili.

Ukiwa nje ya Dubai

Qatar makanisa yamewekwa pamoja, nje kidogo ya katikati ya Doha, eneo la Mesaimeer. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa hapo Machi 2008, na Waanglikana nao wako ndani ya eneo hilo hilo. Usitafute msalaba juu ya paa wala usisubiri kengele, havipo. Utaona ukuta, geti na walinzi wanaokagua wanaoingia. Ndani, msalaba utaukuta.

Oman makanisa yako Ruwi na Ghala kwa wanaoishi Muscat, kisha Sohar na Salalah. Kuwait kuna Kanisa Kuu la Familia Takatifu, mjini kabisa. Bahrain ndiyo yenye historia ndefu: Kanisa la Moyo Mtakatifu pale Manama limekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na Desemba 2021 lilifunguliwa kanisa kuu jipya huko Awali.

Abu Dhabi inakumbukwa kwa tarehe 5 Februari 2019, Papa Francis alipoongoza misa katika uwanja wa Zayed Sports City mbele ya watu wapatao 180,000. Alikuwa Papa wa kwanza kukanyaga Rasi ya Arabia. Umati ule ulijaa watu wa kawaida kabisa, madereva, wauguzi, mafundi na akina dada wa kazi, ambao kwa siku hiyo walipewa ruhusa.

Neno ruhusa ndilo lenye kazi hapa.

Ishu ni kutoka nyumbani

Mtalii wa siku tano Dubai hana shida. Anaita teksi, anasali, anarudi hotelini. Nesi mwenye zamu anapanga na wenzake. Mfanyakazi wa nyumbani je, anayelala kwa bosi na ambaye hatoki getini mpaka aambiwe?

Kwenye karatasi, haki anayo. Kuwait ina sheria ya mwaka 2015 inayompa mfanyakazi wa nyumbani siku ya mapumziko kila wiki. Qatar ina Sheria namba 15 ya 2017, inayotaka mapumziko ya saa 24 mfululizo. Falme za Kiarabu zilitoa sheria yao mpya mwaka 2022, nayo inatamka siku moja ya mapumziko yenye malipo kwa wiki.

Mtaani mambo ni tofauti. Mwaka 2020 shirika la Amnesty International lilizungumza na wanawake 105 waliofanya kazi za nyumbani Qatar. Kati yao, 89 walisema kwa kawaida wanafanya kazi siku saba za wiki. Wengine wanaipata siku yao lakini wanaambiwa wapumzike humo humo ndani. Siku ya mapumziko ya kukaa chumbani, huku watoto wa bosi wanagonga mlango, haimfikishi mtu Oud Metha wala Mesaimeer.

Na kinachopotea hapo si misa peke yake. Kwa dada anayefungiwa, kanisa linaweza kuwa mahali pekee anapokutana na mtu wa nchi yake, anaongea Kiswahili kwa saa nzima, anauliza ubalozi uko wapi, anasikia kwamba mshahara kucheleweshwa miezi mitatu si kawaida. Ibada zenyewe mara nyingi ni za Kiingereza, nyingine za Kitagalog au Kimalayalam. Kiswahili utakikuta uani baada ya ibada, kwenye kikundi kidogo kinachosalimiana kwa sauti kuliko wote.

Ndiyo maana inashangaza kuona watu wanaopeleka mabinti Uarabuni wanauliza mshahara, wanauliza tiketi, wanauliza hata chakula, halafu siku ya mapumziko wanaiacha. Iulizwe kwa wakala kabla ya kusaini. Ni siku gani? Naruhusiwa kutoka? Simu nabaki nayo? Wakala akijibu "hayo mtaelewana na bosi huko huko", elewa kwamba ameshajibu.

Saudi Arabia ni habari nyingine

Huko hakuna kanisa hata moja. Ibada ya hadharani ya dini isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi. Serikali imewahi kusema kwamba mtu kusali faraghani hana shida, lakini hilo halijaandikwa kwenye sheria ambayo mtu anaweza kuishika mkononi, na miaka ya nyuma mikusanyiko ya sala kwenye nyumba za watu imewahi kuvamiwa na waliokuwemo kukamatwa.

Na ndiko Wakenya wengi wanaotafuta kazi za nyumbani wanakokwenda. Mei 2025 Amnesty ilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliofanya kazi hizo Saudi Arabia. Simulizi zilirudi mle mle: saa nyingi za kazi, hakuna siku ya kupumzika, pasipoti na simu kuchukuliwa.

Mkristo aliye Riyadh au Jeddah anasali peke yake, kwa sauti ya chini, chumbani. Biblia yake binafsi kwa kawaida haimletei matata. Boksi la Biblia za kugawa ni kesi. Picha za kikundi cha sala mtandaoni, zenye jina la mtaa, nazo ni za kuepuka.

Simu inasaidia hadi wapi?

Inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, ukijiandaa. Programu ya YouVersion ina Biblia ya Kiswahili, na baadhi ya matoleo unaweza kuyapakua ukayasoma bila bando. Pakua ukiwa bado nyumbani. Vatican News ina idhaa ya Kiswahili kwa Wakatoliki wanaotaka masomo na tafakari.

WhatsApp ina mtego wake. Katika Falme za Kiarabu, simu za kupiga kupitia WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu, ingawa ujumbe na sauti zilizorekodiwa zinapita. Usidanganywe na rafiki atakayekwambia uweke VPN tu mambo yaishe. Kuitumia kukwepa sheria kunaweza kukuletea faini ya mamia ya maelfu ya dirham, pesa ambayo mshahara wa miaka mingi hauilipi.

Kuna jambo moja la kuacha nyumbani kabisa, na walokole watanisamehe... watalielewa: kuhubiri kwenye basi. Yule mhubiri wa daladala au matatu anayesimama katikati ya viti na kupaza sauti, akifanya hivyo Dubai au Muscat anakamatwa, na huenda akarudishwa kwao. Nchi zote za Ghuba zinakataza kumhubiria Mwislamu abadili dini. Hata kijikaratasi cha kualika watu kwenye mkesha kisiachwe kwenye kiti cha metro. Ndani ya eneo la kanisa, imba unavyotaka.

Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Kwa Mkatoliki hili linaweza hata kuwa na ladha yake. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza Machi 1 na Jumatano ya Majivu ikawa Machi 5, hivyo aliyefunga Kwaresima Doha alifunga pamoja na mji mzima.

Na saa? Doha, Kuwait, Manama na Riyadh zinakwenda sawa na Nairobi na Dar es Salaam. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Jumuiya ya nyumbani ikianza rozari saa mbili usiku, dada aliye Riyadh naye ni saa mbili usiku. Kama simu anayo, na kama vyombo vya chakula cha usiku vimeshaoshwa, anaingia nao.