Betri ya duara ikikwama kooni mwa mtoto

Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti ya gari au mizani ya jikoni, humvutia mtoto wa miaka miwili kama peremende. Wazazi wengi huogopa kwamba akiimeza itapasuka na kumwaga sumu tumboni. Hatari kubwa iko juu zaidi, kwenye umio, na wala betri haihitaji kupasuka.

Ndani yake upande mmoja una lithiamu, metali inayoachia elektroni kwa urahisi. Upande wa pili una oksidi ya manganizi, inayozipokea. Kati yao kuna utando unaozizuia elektroni kuvuka humo humo ndani. Pande hizo zikiunganishwa kwa waya, elektroni hupita nje, na mwendo huo ndio umeme. Betri ikiwa kwenye droo, kazi hiyo karibu husimama.

Kooni, nyama yenye unyevu hushika nafasi ya waya. Betri ya CR2032 ina upana wa milimita 20, unaotosha kukwama kwenye umio wa mtoto, na volti 3, zinazotosha kuvunja maji. Upande wa hasi, maji ya mwilini huvunjika na kuacha alkali kali, ya jamii moja na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Hiyo ndiyo inayounguza. Ndani ya saa 2 kidonda kinaweza kuwa kibaya, na huweza kuendelea kuchimbika hata betri ikishatolewa.

Iliyoisha je? Rimoti hugoma wakati betri bado ina volti za kuunguza. Kwa hiyo ile "mbovu" iliyoachwa mezani si salama.

Dalili nazo hudanganya: udenda, kikohozi, kukataa chakula. Wengine hawaonyeshi chochote. Ukishuku tu, kimbilia hospitali yenye eksirei na utaje betri ukiwa mlangoni, usisubiri foleni. Usimtapishe, usimpe chakula. Aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 njiani, isizidi mara 6. Hupunguza makali ya alkali. Kama haipo, msiitafute, nendeni.

Nyumbani, nunua vifaa ambavyo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Zilizotumika zizungushie selotepu pande zote mbili kabla ya kuzitupa.