Kupanga Fleti Yenye Bwawa la Kuogelea Kampala: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kulipa

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Mpondwe, wengi wenu huja Kampala kwa masomo, matibabu au biashara. Baadhi hutafuta makazi wakiwa bado nyumbani, kwa kutazama picha katika simu. Fleti za Naguru, Bugolobi na Muyenga zenye bwawa la kuogelea huvutia macho, na walaghai wanalijua hilo.

Ulaghai wenyewe huenda hivi. Mtu hujitambulisha kuwa dalali, hutuma picha za jengo asilohusika nalo, hutaja kodi iliyo chini ya ile ya majirani, kisha hudai fedha za kushikilia nyumba zitumwe upesi kwa simu, kabla mteja mwingine hajaiwahi. Fedha zikishapokewa, simu huzimwa. Wakati mwingine fleti ni ya kweli, ila ufunguo mmoja umeahidiwa watu watatu.

Kwa hiyo tunawasihi: msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Asiyeweza kusafiri amtume jamaa aliyeko mjini, aingie ndani ya nyumba na kulitazama bwawa lenyewe. Mtakeni mwenye nyumba, au wakala mwenye barua yake. Ulizeni pia kwa mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa huo, kwani mara nyingi huwafahamu wenye majengo.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Mkataba utaje kodi, amana na masharti ya kuirejesha, pamoja na nani atagharamia maji, mlinzi na usafi wa bwawa. Kila malipo yawe na risiti.

Bwawa nalo lina hatari yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele. Huzama kimya, mzazi akiwa hatua chache tu. Chunguzeni kama bwawa limezungushiwa uzio pande zote, kama lango lake hujifunga lenyewe, kama kina kimeandikwa, na kama kuna boya la kuokolea. Uzio usipokuwapo, mwenye watoto wadogo atafute kwingine.

Yapo mambo ambayo polisi hatuna mamlaka nayo. Mpangaji na mwenye nyumba wakigombania amana, hilo ni shauri la madai na mahali pake ni mahakamani. Lakini kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na hapo tunaweza kufungua jalada. Mlalamikaji afike kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo, akiwa na ujumbe wa malipo, namba iliyopokea fedha, jina lililoonekana na picha alizotumiwa. Asifute chochote katika simu yake, wala asimfuate mtuhumiwa peke yake.

Kwa dharura, pigeni 999 au 112.