MKILUA NA KIAZI KIKUU
Kulinganisha majina mawili ya mimea katika Kiunguja

Katika mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu chake juu ya mimea ya Unguja na Pemba, na jina la kitabu hicho laigawa mimea mafungu mawili: yenye manufaa na ya mapambo. Mgawanyo huo wamfaa bwana shamba. Lakini lugha ya wenyeji haikuufuata, wala haikuwa na haja ya kuufuata. Njia ya Kiunguja ya kuita mimea ni nyingine, nayo yaonekana vizuri ukichukuliwa mmea mmoja kutoka kila fungu na majina yao yakawekwa bega kwa bega: mkilua kwa upande wa mapambo, na kiazi kikuu kwa upande wa chakula.

Mkilua ni kichaka kikubwa, au tuseme mti mdogo, usiopukutisha majani yake mwaka mzima. Ni jamaa ya mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Ua lake haliliwi, wala si rangi inayolitafutisha. Thamani yake yote ni harufu. Wanawake hulitia katika nywele na nguo, na katika Mji Mkongwe huuzwa pamoja na asumini na vikuba. Kiazi kikuu ni mmea utambaao, asili yake Asia ya kusini mashariki. Shina lake lina mbavu mithili ya mabawa membamba, nalo hujizungusha juu ya mti au kijiti ulichochomekewa. Chakula chake ki chini ya udongo. Watu wa mashamba na watu wa mjini wote hukijua, hasa mwezi wa Ramadhani kinapopikwa kwa tui kwa ajili ya kufuturu.

1. Umbo la majina

Kwa kuyatazama tu, majina haya yana jambo moja la kushirikiana: kilua na kiazi yote mawili ni ya ngeli ya ki-/vi-. Lakini ua lina jina lake na mti una jina lake: kilua, vilua, mkilua, mikilua. Yafaa kuangaliwa kwamba m- haikuiondoa ki-, bali imekaa juu yake. Hakuna asemaye *mlua, wala katika wingi hakuna asemaye *mivilua. Silabi ki- imeganda ndani ya jina la mti. Maana yake ni kwamba jina la ua ndilo lililotangulia, na mti ukaitwa kwa jina la ua lake.

Na kilua chenyewe chatoka wapi? Katika Kinyanja watu husema njala, vala na maluwa pale ambapo Kiswahili husema njaa, vaa na maua. Kiswahili kimeiacha l iliyokuwa kati ya irabu. Basi si vibaya kudhani kwamba kilua ni neno hilohilo la ua, lililohifadhi l yake baada ya kiambishi cha udogo. Yaani kilua hapo kale kilikuwa "ua dogo" tu. Hii ni dhana, lakini yakubaliana na umbo la neno na matumizi yake.

Katika kiazi kikuu jambo ni jingine. Hapa kitofautishacho ni sifa, wala si kiambishi. Sifa hiyo hufuata ngeli kama kawaida, viazi vikuu, lakini maana yake imekwisha kufungwa. -kuu si -kubwa. Kiazi kikuu kilicho kidogo chaweza kuitwa kiazi kikuu kidogo, wala msikilizaji haoni mgongano wowote. Na kiazi kitamu kikubwa namna gani hakiwi kikuu kwa ukubwa wake. Tena ki- hapa haina udogo ndani yake, kwa kuwa kiazi hiki huweza kumshinda mtu mmoja kukibeba.

2. Kipimo cha kitenzi "panda"

Tofauti kubwa hudhihirika majina yanapotiwa katika sentensi. Msemaji wa Kiunguja husema:

Amepanda mkilua, amechuma vilua.
Amepanda viazi vikuu. Amechimba viazi vikuu.

Kusema "amepanda kilua" ni kumchekesha msikilizaji. Lakini katika sentensi ya pili neno moja latosha kwa mmea na kwa chakula. Akitaka kusema juu ya sehemu nyingine, msemaji hueleza: majani ya kiazi kikuu, mche wa kiazi kikuu. Jina la peke yake la mmea mzima halikuhitajiwa.

Kwa nini? Sababu tatu zaweza kutolewa, na zote tatu hazitoshi.

Ya kwanza ni kwamba pambo hupewa majina mawili na chakula jina moja. Haisimami, maana mnazi na nazi, mkarafuu na karafuu ni mimea ya tumbo na ya biashara, nayo ina majina mawili sawa na mwasumini na asumini.

Ya pili ni kwamba m- ni ya miti isimamayo, wala haiwafai watambaao. Mtambuu waikanusha. Mtambuu hujizungusha juu ya mti kama kiazi kikuu, na hata hivyo mmea ni mtambuu na jani lake ni tambuu. Kadhalika mpilipili manga.

Ya tatu ni nzuri zaidi: kiazi kikuu hupandwa kwa kipande cha kiazi chenyewe, basi kiingiacho udongoni na kitokacho ni kitu kimoja, na jina ni moja. Lakini viazi vitamu hupandwa kwa vipande vya mashina yake, na watu husema vilevile "kupanda viazi". Muhogo nao hupandwa kwa kijiti cha shina, nao una jina moja tu, ingawa ni la ngeli ya m-/mi-.

3. Kuchuma na kuchimba

Linalobaki ni tendo la mavuno. Kilua kikichumwa, mkilua wabaki umesimama pale pale. Kesho utachumwa tena, na mwakani tena. Mwenye mti na mnunuzi wa ua ni watu wawili, na vitu wanavyovitaja ni viwili. Tambuu likichumwa, mtambuu wabaki. Nazi ikiangushwa, mnazi wabaki. Lugha yahitaji jina kwa kile kinachobaki. Lakini kiazi kikuu kikichimbwa, shina limekwisha kunyauka au litatupwa. Hakuna kilichobaki cha kuitwa. Ndivyo ilivyo kwa muhogo, majimbi na kitunguu. Ndivyo ilivyo pia kwa mchicha ung'olewao, na mtama uvunwao mara moja tu. Ngeli zao ni mbalimbali, ki-, m-, ji-. Lakini kila mmoja una neno moja kwa mmea na kwa kiliwacho.

Kwa hiyo kanuni yaweza kusemwa hivi: mmea unaoishi baada ya mavuno yake hupewa jina mbali na zao lake, mmea unaokwisha pamoja na mavuno huelekea kushirikiana nalo jina. Kanuni hii si sheria ya chuma. Muhindi na mahindi ni majina mawili, ijapokuwa mmea ni wa msimu mmoja. Labda kwa kuwa hindi huvunjwa na bua hubaki limesimama shambani. Mgomba nao hukatwa na ndizi zake, lakini machipukizi yake hubaki yakikua, na kwa mkulima mgomba ni uleule. Vighairi hivi havivunji kanuni, ila vyaonyesha mahali ambapo yapasa ichunguzwe zaidi.

4. Faida kwa watunga kamusi

Jambo hili si la nadharia tupu. Katika vitabu vya elimu ya mimea huonekana umbo mviazi, lililoundwa ili mwanafunzi apate jina la mmea mbali na kiazi. Haja hiyo ni ya kweli, maana mwenye kueleza majani na shina lazima ayape mmea. Lakini kamusi yapasa ionyeshe kwamba hilo ni neno la darasani, wala isilipange sawa na mkilua kana kwamba yote mawili yametoka katika kinywa kimoja. Zaidi ya hayo, sifa italeta taabu: mviazi mkuu ni nini? Sikio laweza kudhani ni mvyazi, yaani mzazi, anayetajwa kwa heshima.

Pili, maelezo. Kamusi ikisema juu ya kilua "aina ya ua" tu, imesema kidogo, lakini haikumdhuru mtu. Ikisema juu ya kiazi kikuu "kiazi cha mmea utambaao" tu, imeacha mlango wazi. Kuna mmea wa jamaa hiyohiyo ambao wataalamu waliupa jina la Zanzibar yenyewe, Dioscorea sansibarensis, nao pia hutambaa na kuzaa vijiazi katika makwapa ya majani. Vijiazi hivyo vina sumu. Shina lake halina mabawa, na ncha ya jani lake imechongoka kama mkia. Kiazi kikuu, Dioscorea alata, huitwa alata kwa sababu ya mabawa ya shina. Maneno manne, "shina lake lina mabawa", yangetenga chakula na sumu.

Wataalamu wa mimea wenyewe wametoa mfano wa kusikiliza kwa makini. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt alipoiundia mimea hii jenasi yake peke yake, aliiita Mkilua, na mti wenyewe Mkilua fragrans. Hakuchukua kilua, jina la ua linalouzwa, bali alichukua jina la mti unaobaki baada ya ua kuchumwa. Hata katika Kilatini cha sayansi ile m- ya Kiunguja imekaa mahali pake, na nyuma yake ki- iliyoganda. Mtunga kamusi wa Kiswahili asikubali kuwa na sikio zito kuliko hilo. Kwa kila mmea na aulize kwanza: watu hufanya nini wakati wa kuvuna, na baada ya hapo ni kipi kinachobaki? Jibu litampa idadi ya vidahizo vyake, na mara nyingi maelezo yake pia.